Piano ya Alaso Matangani

Emukule ni mtu wa vyombo. Hapa Malaba ukisema mtu wa vyombo hakuna anayefikiria sufuria. Ni yule mwenye spika mbili nyeusi, jenereta na maikrofoni, anayeitwa mtu akifariki. Wenye harusi huleta watu wao wa vyombo kutoka Busia, kwa hiyo Emukule hula kwa wafu. Mimi ni jirani yake, ukuta wetu ni mmoja, na nimemwambia hivyo usoni mara nyingi. Hucheka tu. Siku ambazo hakuna msiba utamkuta uani akifuta vumbi la malori kwenye spika zake kwa fulana kuukuu, kwa upole ambao mke wake Akiror hajawahi kuuonja.

Wana mtoto mmoja, Alaso, msichana wa miaka tisa, na Alaso ana kifafa.

Watu wa ploti yetu wanaamini kwamba povu la mwenye kifafa likikugusa, na wewe umekipata. Upuuzi mtupu, lakini jaribu kuwaambia. Siku moja Alaso alianguka bombani, na wanawake wakabeba mitungi yao wakaondoka, wakamwacha akijigonga kichwa kwenye saruji. Mmoja wao alirudi baadaye na dawa ya jiki, akasugua bomba. Mtoto hakumgusa. Shuleni nako mwalimu alimtengea dawati la peke yake karibu na mlango, ili akianguka aangukie nje na asikatize somo. Alimweleza Akiror hivyo hivyo, bila haya, kama mtu anayeeleza mahali pa kuegesha baiskeli.

Dawa za Alaso hutoka zahanati, kwa muuguzi anayeitwa Sista Everlyne. Huyo ndiye aliyemwambia Emukule kwamba kuna madaktari waliowasikilizisha watoto wenye kifafa muziki fulani wa piano kila siku, na baadhi ya watoto hao wakawa wanaanguka mara chache zaidi.

"Si wote, baba Alaso," Sista alimwonya. "Na tembe haziachwi hata siku moja. Hii ni ya kusaidia tu."

Akamtumia wimbo wenyewe kwenye simu. Emukule alirudi nyumbani kifua mbele. Miaka yote vyombo vyake vilikuwa vimewachezea watu wasiosikia kitu, na sasa kulikuwa na mtu hai wa kumchezea.

Basi kila jioni, Alaso akishameza tembe zake, babake aliweka spika ndogo juu ya stuli na kuucheza kwa sauti ya chini. Haukuwa na maneno wala ngoma. Ulikuwa vidole vya mtu vikipanda na kushuka juu ya piano, haraka, bila kujikwaa. Mtoto alilala mkekani, miguu juu ya ukuta wetu, na mimi upande wa pili niliacha kumenya viazi nikasikiliza. Sikuona aibu. Mchana kutwa huku kwetu ni honi za malori na kelele za makanga wa matatu, na masikio nayo yana haki yake.

Alaso, aliyekuwa akianguka karibu kila wiki, mwezi ule alianguka mara moja. Mwezi uliofuata hakuanguka. Siwezi kuapa kwamba ni piano, na Sista Everlyne naye hakuapa. Lakini mwalimu alimruhusu kuhamia dawati la tatu, katikati ya wasichana wengine, na Alaso alikuja kunieleza mimi mwenyewe, jina kwa jina, nani anakaa kushoto kwake na nani kulia. Hakuwa akitaka kitu kingine duniani. Alitaka kukaa katikati ya watu.

Kisha akafa Mzee Otukei wa upande wa Amukura.

Emukule alikuwa kazini kwenye mazishi hayo, na jeneza lilipoanza kuteremshwa, flashi yenye nyimbo za kwaya ikagoma. Kukawa kimya. Kaburi lenye kimya ni aibu kwa wenye maiti; watu watasema mlimtupa mzee kama mbwa. Mtoto mkubwa wa marehemu, jamaa mmoja anaitwa Omuse, alimjia Emukule akiwa ameuma meno.

"Boss, weka kitu. Weka chochote."

Emukule akachomeka simu yake, na piano ya Alaso ikatoka kwenye zile spika kubwa mbili, ikaenea hadi kwenye mahindi. Wanawake waliokuja kwa ajili ya wali na nyama wakaanza kulia kweli kweli. Omuse alipiga magoti kwenye udongo. Wiki hiyo hiyo simu zikaanza kuingia, kutoka Adungosi, kutoka Angurai, hata ng'ambo Uganda: "Utuletee ile ya piano." Ikawa mtu asiyezikwa kwa piano hajazikwa.

Akiror alimvaa. Niliwasikia, na ukuta wetu hauhitaji mtu atege sikio.

"Unapeleka dawa ya mtoto kwa maiti?"

"Mama Alaso, wimbo si tembe. Hiyo kitu haiishi. Nikicheza huko, huku inapungua nini?"

Mjinga alijibu vizuri, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Watoto wa huku hawakosi matanga, kwa sababu ya chakula. Haukupita muda, wote wakawa wanaujua ule wimbo, na wanajua unachezwa wakati gani.

Alaso alianguka darasani, kutoka dawati la tatu. Safari hii wenzake hawakukimbia. Walimzunguka, wakainamisha vichwa, na kwa midomo iliyofumbwa wakauvumisha ule wimbo, mwanzo hadi mwisho, vizuri kabisa. Mmoja alitoka nje akarudi na udongo, wakagawana, wakamrushia kidogo kidogo kama wanavyoona watu wazima wakifanya. Mwalimu aliwanyamazisha, lakini si papo hapo. Alikuwa amemzika mamake juzi juzi, kwa piano hiyo hiyo, na alisimama kwanza akasikiliza. Alaso alizinduka wakiwa bado wanavumisha. Alikuwa na udongo mdomoni, na akaamini amekufa. Alipoinuka kuwakimbilia, wakapiga mayowe wakatawanyika, wengine kwa hofu na wengine kwa raha tu.

Jioni hiyo babake alipoiwasha spika ndogo, mtoto aliziba masikio akapiga kelele hadi akatapika. Emukule akapunguza sauti. Akapunguza tena. Ilipofika mahali ambapo hata mimi siisikii, Alaso bado alikuwa chini ya kitanda akiisikia. Nilimchukia Emukule jioni ile, na nilimhurumia, na nilishindwa kuchagua.

Kuanguka kulirudi. Sista Everlyne alisema huenda ni mwili unakua, dozi imekuwa ndogo, akaiongeza. Huenda. Dawati la karibu na mlango lilikuwa bado tupu, akarudishwa pale.

Emukule aliacha kucheza piano matangani, lakini hilo lilikuwa bure, maana watu wa vyombo wengine walishaichukua, na kila Jumamosi inasikika kutoka upande huu au ule. Akamwomba Sista muziki mwingine. Akapewa wa fidla, mpole, usiojulikana na mtu yeyote kutoka hapa hadi Bumala. Juzi jioni akauweka.

Upande wa pili sikusikia kelele; mtoto alikuwa akisikiliza. Baada ya muda Alaso akauliza, taratibu, bila hasira:

"Papa, hii utawapelekea lini?"

"Siwapelekei. Hii sipeleki."

"Watakuomba."

Mtu aliyekaa na wafiwa maisha yake yote anajua wataomba, na anajua yeye si mtu wa kuwakatalia.

"Basi zima," Alaso akasema. "Nisije nikaipenda."