Spika za Bwana Shii

Watoto wa mtaani kwetu walimwita mume wangu Bwana Shii, na hawakumsingizia. Kila Jumamosi, chakula cha mchana kikishatelemka, alitoka hadi mlangoni, kidole mdomoni, akawaomba kwa adabu zote wakachezee mpira upande wa pili, kwa sababu anasikiliza muziki. Watoto walishangaa, na haki yao. Muziki gani huo unaotaka dunia nzima inyamaze? Wao muziki wanaujua kuwa kitu cha kupigia kelele juu yake.

Nyumba yetu ina vyumba vitatu, na kimoja si chetu. Nasema hivyo ingawa nakifagia mimi. Mapacha wetu walipoondoka kwenda kusoma, nilikuwa na ndoto zangu za kukifanya mahali pa kusahihishia madaftari, maana nafundisha darasa la tatu na meza ya kulia chakula imeshanimaliza mgongo. Kabla sijafungua kinywa, mwenzangu alishaingia mle na futikamba. Akapima. Akatundika mapazia mazito ukutani, pasipo na dirisha lolote. Akabandika vipande vya utepe sakafuni kuonyesha spika isimame wapi, na ole wako ufagio wako uisogeze upana wa kucha. Ole wangu, yaani, nani mwingine anafagia?

Makasha ya spika hizo aliyatengeneza kwa mkono wake, kwa mbao ngumu, miezi kumi na mmoja. Zinanifika kifuani. Amplifaya yake ni ile ya kizamani, yenye taa za kioo zinazowaka rangi ya chungwa, na lazima ipate moto nusu saa kabla ya kuchezesha santuri, kama pasi ya mkaa. Waya nazo hazilali sakafuni, ng'o! Kila moja imewekewa vibao vyake vya kuegemea. Na friji huzimwa, eti inachafua umeme. Nikamuuliza, jamani, umeme nao unachafuka? Akakaa kunieleza. Alinieleza mpaka maziwa yakachacha.

Msinione mke mnung'unikaji. Haya, mnung'unikaji ni mimi, lakini pia namheshimu. Kazi yake ni kutengeneza vyerehani vya washonaji na vya viwandani, na mafundi wa kazi hiyo nimewaona wengi. Wengine hufika na bisibisi mkononi, wakafungua kila kitu ndipo waulize tatizo. Yeye huvuta kigoda, hutega sikio karibu na mashine, na humwambia mwenye mali, "Kanyaga, mama." Mama anakanyaga. "Tena." Kisha anasema, "Bobini inacheza," au, "Huyu hana ugonjwa, ana kiu ya mafuta." Hakosei. Sikio lake ndilo lililosomesha watoto wetu, na spika zile ndizo zilikuwa mapumziko ya sikio hilo baada ya wiki nzima ya makelele ya watu.

Basi mwaka juzi akaja jikoni, uso umemshuka. "Mama Pacha, spika zimepoa."

"Zimepoaje?"

"Matoazi hayang'ai. Fidla imekuwa kama inapigiwa ndani ya blanketi."

Akashuku sindano ya santuri, akaibadilisha. Haikusaidia. Akashuku waya, akaleta nyingine nene kama bomba la maji. Akashuku umeme, akamwita fundi amvutie laini ya peke yake kutoka kwenye mita. Ndipo akaigeukia twita, kile kispika kidogo cha juu kinachotoa sauti nyembamba. Akaing'oa, akaweka nyingine. Baada ya miezi akaing'oa na hiyo. Alipofika ya tatu alikuwa ameshapandisha na trebo, kile kitufe cha kukuza sauti nyembamba, na mimi kule jikoni matoazi yananiingia kwenye fizi.

Alikagua kila kitu kilicho kati ya santuri na kichwa chake. Kichwa hakukikagua, na wenzake wa mchezo huo nao ndivyo walivyo. Wako radhi kubomoa ukuta kabla ya kujishuku wenyewe.

Mimi nilijua siku ya keki. Nilitegesha saa ya jiko nikaenda kuoga. Naanza kujipaka sabuni, nasikia inalia, pii, pii, pii. Nikasema mwenyewe yupo, ataizima. Ikaendelea. Nikatoka na taulo, moshi ndio kwanza unaanza kupenya mlango wa jiko, na mume wangu ameketi mezani, hatua mbili kutoka kwenye jiko, anasoma gazeti. Mtu ambaye friji ilimnyima raha!

"Baba Pacha, husikii?"

"Kusikia nini?" Akainua uso, na uso wenyewe haukuwa na habari yoyote.

Nilizima jiko. Nikamwambia nilidhani kuna mtu anabisha hodi. Huo ndio ulikuwa uongo wa kwanza, na baada ya hapo sikulazimika kusema mwingine, kwani kunyamaza kulitosha.

Rafiki yake Mfamasia, anayekuja kusikiliza naye kila Jumamosi, alijua pia. Siku moja nilimfuata hadi getini. "Shemeji, unasikia ninachosikia?"

"Shemeji, ile twita ya tatu imenitia maumivu ya jino tangu mwezi wa tatu."

"Basi mwambie. Si rafiki yako?"

"Mwambie wewe. Si mume wako?" Akapanda baiskeli yake. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," akaniambia, na akaondoka haraka, kama vile methali ile ilikuwa yangu peke yangu. Woga tu! Tena ana rafu nzima ya dawa za masikio dukani kwake.

Binti yetu, yule pacha wa kike, naye akapiga simu. "Mama, baba hanisikii. Kaka akiongea anamsikia vizuri, mimi ananiambia simu yangu mbovu. Nimeshabadilisha simu, mama! Ni masikio. Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Ebo! Hujamaliza hata masomo, umeshakuwa mama yangu?"

Nikakata simu, nikakaa na aibu yangu.

Ndipo Jumapili moja akaniambia anaziuza. Alisema taratibu, kama mtu anayeleta habari za msiba. "Nimezivumilia vya kutosha. Zimekufa, Mama Pacha. Mbao nazo zina umri wake. Nimepata mtu, daktari wa meno, atakuja Jumamosi azisikilize. Nitatafuta za kiwandani."

Nilimwona kwa mlango uliokuwa wazi akizifuta kwa kitambaa, mgongo ameugeuzia kwangu, kila kona, kila kiungo alichokipiga randa mwenyewe. Alizifuta saa nzima. Nikasimama pale na maneno mdomoni. Nikinyamaza, ataziuza spika nzima, ataleta nyingine, na hizo nazo zitakufa, na baada yake nyingine, mpaka lini? Nikisema, nitakuwa nimemvunja mtu ambaye sikio lake ndilo jina lake. Nilimeza maneno Jumatatu. Jumanne nikayameza. Ijumaa nilimwandalia chai, nikaketi mbele yake kabisa nimejitayarisha, nikamwambia darasa letu linavuja. Maji yalikuwa yamenifika shingoni na bado nazungumzia paa.

Jumamosi daktari wa meno akaja na santuri yake kwapani. Ndivyo walivyo hawa watu, hakuna anayemwamini mwenzake na santuri ya kujaribia. Mfamasia alikuwepo. Mimi nilileta maji ya kunywa, nikabaki mlangoni na sinia. Mume wangu akaweka sindano, akarudi nyuma na kufunga mikono, maana kwao ni utovu wa adabu muuzaji kusema neno mnunuzi anaposikiliza.

Haikufika dakika mbili daktari akaanza kujisugua sikio. "Samahani, mzee. Mbona trebo umeipandisha hivi? Mimi nashinda na keekee kwenye meno ya watu, lakini hii imeishinda."

"Twita imekufa," mume wangu akamjibu. "Nimepandisha ili kuisaidia."

"Imekufa? Hii?" Daktari akainuka, akaomba ruhusa kwa mkono, akarudisha trebo katikati na kuanza santuri upya. Uso wake ukalegea. Akafumba macho, na hakuyafumbua hadi wimbo ulipoisha. "Mzee wangu, hizi ni nzima," akasema. "Nzima kabisa. Matoazi yaliyo wazi namna hii sijayasikia kwa mtu yeyote. Kwa nini unaziuza?"

Mume wangu alisogea hadi kwenye santuri. Alirudisha sindano mwanzo wa wimbo. Akapiga magoti mbele ya spika ya kushoto, akatega sikio kwenye twita karibu kuigusa, vilevile anavyotega kwenye cherehani. Matoazi yalikuwa yakilia, na mimi nayasikia hadi mlangoni. Akabaki hapo. Akageuza kichwa, akajaribu sikio la pili.

Akamtazama Mfamasia. Mfamasia akatazama viatu vyake. Ndipo akanitazama mimi.

"Matoazi yanapiga?"

"Yanapiga."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi, Baba Pacha."

Akasimama kwa kushikilia kasha, akainua sindano. Akamwambia daktari kwa upole kwamba amempotezea siku yake, amsamehe, spika haziuzwi. Daktari akachukua santuri yake. Mfamasia alimsindikiza, na kwa jinsi alivyotoka mbio ungedhani duka lake linaungua.

Tukabaki wawili.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Mwaka juzi. Keki ilipoungua."

"Miaka miwili." Hakupandisha sauti, na afadhali angepandisha. "Nimeng'oa twita nzima, nikazitupa. Nimevuta umeme. Nimelaumu mbao. Na wewe unanitazama. Macho yako yangekuwa ndiyo yanayokufa, mimi ningekuacha usahihishe madaftari gizani?"

Nilikuwa na majibu, tena mengi. Kwamba niliogopa kumuumiza. Kwamba niliwaza kazi yake, na washonaji watasema nini. Yote yalikuwa kweli na hakuna hata moja lililokuwa sababu. Sababu nilikuwa naijua muda wote, na niliionea haya kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Nikaweka sinia chini, nikainama, nikaanza kuokota nyuzi kwenye zulia ambazo hazikuhitaji kuokotwa, na nikaisema.

Nikasema, "Miaka ishirini na sita nimeongea na kisogo chako. Nakuletea habari za shule, unaniitikia 'mm' huku umezigeukia spika. Tangu masikio yako yaanze kupungua, nikifungua mdomo unaacha kila kitu. Unanigeukia, unanitazama usoni mpaka nimalize. Nilijua unanitazama midomo ili upate maneno. Nilijua vizuri sana. Lakini nilikuwa natazamwa, mume wangu. Niliona nikikupeleka kwa daktari wakakupa kifaa cha sikioni, utarudi kwenye spika zako na mimi nitarudi kwenye kisogo. Nikakuacha uhangaike. Nisamehe."

Nikangoja anifokee. Nikangoja hata hatua zake zikitoka nje.

"Mama Pacha," akasema, "umesema umeinama. Sikuambulia hata neno."

Akaja, akachuchumaa mbele yangu, akaziondoa zile nyuzi vidoleni mwangu. Macho yake yalikuwa kwenye mdomo wangu, yamekazwa, yanangoja.

"Inua uso," akasema. "Sema tena, polepole."

Nikainua uso, nikaanza upya tangu neno la kwanza, na safari hii ilinibidi niyaseme yote huku namwona.