Baba Alipohamia Kibandani

Kuna harufu moja ambayo hunisimamisha njiani hata niwe nimechoka namna gani: petroli iliyochanganyika na nyasi mbichi zilizokatwa na magome makavu ya mkaratusi. Juzi nilitoka kazini asubuhi, miguu imevimba ndani ya viatu, nikapita kwa jirani aliyekuwa anakata nyasi zake. Nilishika uzio wake nikasimama tu. Alidhani nimepata kizunguzungu, akazima mashine. Nikamwambia niko sawa. Sikuwa na nguvu ya kumweleza kwamba nilikuwa nimerudi Granville, kitongoji chetu cha Sydney, bado mtoto wa shule ya msingi, na baba yangu amehamia kwenye kibanda cha mashine ya nyasi.

Acha niwaeleze ninyi.

Tulipanga nyumba ndogo ya mbao nyuma ya karakana ya kunyoosha magari yaliyogongwa. Nyundo zililia mchana kutwa. Mwisho wa ua palikuwa na kibanda cha bati, na juu yake mkaratusi mkubwa uliojichubua ngozi kila kiangazi. Baba alipenda kusema kwamba kwao Bungoma mikaratusi ni wageni waliotoka Australia, na sasa sisi tumekuja kuwa wageni kwao, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Kule Kenya, Baba alikuwa mwalimu wa fasihi. Huku Sydney alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee: aliwaogesha, aliwalisha, aliwageuza kitandani. Hakuidharau kazi ile, ila ilimnyamazisha. Mama alikuwa muuguzi, mara nyingi zamu ya usiku. Walitupokezana sisi watoto, mimi na mdogo wangu Imani mwenye pumu, kama watu wanaopokezana ufunguo mlangoni.

Siku moja joto lilipoanza kurudi, Baba alifika nyumbani, akaegesha gari, akabaki ndani. Nilimwona kupitia dirisha la jikoni, mikono kwenye usukani, injini imezimwa. Nilimaliza kuosha vyombo, naye bado yupo. Alipotoka hakuja ndani. Alikwenda kibandani, akaitoa mashine ya nyasi, akafagia, akaingiza godoro la wageni. Kisha akaja hadi mlango wa jikoni akamwambia Mama atakaa kule kwa muda, mpaka aisikie tena sauti yake mwenyewe.

Mama alikuwa anasonga ugali. "Haya," alisema, akaendelea kusonga.

Nilidhani Baba anatuacha. Kila nikitoka shule nilikwenda kwanza kibandani kuhakikisha bado yupo, na siku ambazo hakuwa kazini ndipo aliponifundisha. Aliniambia kuhusu waandishi fulani wa Marekani wa zamani aliokuwa akiwafundisha wanafunzi wake. Waliamini kwamba mti unaweza kumfundisha mtu kama kitabu kitakatifu. Kwamba kila mtu amebeba nuru yake, na anayeishi kwa kuwaiga wengine huizima mwenyewe. Walisema mtu aende msituni, apunguze mahitaji, ajitegemee.

"Lakini huu si msitu, Dad," nilimwambia kwa Kiingereza, maana wakati ule Kiswahili nilikisikia tu, kukijibu nilikuwa mvivu. "Ni mti mmoja."

"Mmoja unatosha kwa kuanzia, Nekesa. Kaa uutazame. Usiseme kitu."

Nilikaa. Siafu wakanipanda. Niliruka nikijipiga mapaja, na Baba akacheka, kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Siwezi kusema kibanda kile hakikumfaa. Alinenepa kidogo. Alianza kupiga mluzi. Asubuhi alitembea polepole chini ya mkaratusi kuitafakari dunia, akiwa amevaa sufuria kichwani, maana ndege weusi wenye mabaka meupe walikuwa na vifaranga juu ya mti na walimshukia kisogoni bila kujali falsafa.

Alijipikia mwenyewe kwenye jiko dogo la gesi, ugali mbichi katikati. Kuoga alikuja ndani. Simu aliichajia ndani. Bado alileta mshahara wake, na Jumamosi alitupeleka sokoni, kwa hiyo msimfikirie mtu mbaya. Lakini Imani alipobanwa kifua, jina alilolia lilikuwa la Mama. Mama alirudi kutoka kazini alfajiri, akatuvalisha, akatupeleka shule, akafua, akalala kidogo kwenye kochi bila kuvua sare, akaja kutuchukua. Hakulalamika. Mimi nilidhani asiyelalamika hana tatizo.

Habari zilifika kanisani. Jumapili moja baada ya ibada akaja Mama Brayo, kiongozi wa akina mama, ambaye naye aliwahudumia wazee kazini kama Baba. Alisimama mbele ya kibanda, mkoba kwapani.

"Baba Nekesa, wahenga walisema mkataa wengi ni mchawi."

Sauti ya Baba ikatoka ndani, tulivu. "Walisema pia mtegemea cha nduguye hufa maskini."

"Na kidole kimoja hakivunji chawa."

"Sina chawa, Mama Brayo."

Mama aliwapikia chai wote wawili, kikombe kimoja akakipeleka kibandani. Mama Brayo alipokuwa anaondoka alimshauri Mama afunge na kuomba.

"Nitafunga," Mama alijibu, "nikipata kwanza nafasi ya kula."

Kisha ikaja ile Jumamosi. Baba alikuwa nje akichemsha maji, mimi na Imani tunaokota magome ya mkaratusi. Mama alifika kutoka kazini akiwa amechelewa sana. Aliupita mlango wa nyumba bila kuutazama, akakata ua moja kwa moja, akavua viatu mbele ya kibanda.

"Baba Nekesa, nipishe kidogo."

"Kuna nini?"

"Zamu yangu."

Akaingia, akafunga. Tukasikia komeo.

Baba alitabasamu, akidhani ni utani. Maji yalichemka yakapungua. Mwishowe alizima jiko, akatushika mikono tukaingia ndani. Alisimama katikati ya jikoni kama mgeni anayesubiri kuonyeshwa kiti.

"Unga unakaa wapi?"

Nikamwonyesha.

"Na dawa ya Imani ya kuvuta?"

Nikamwonyesha hiyo pia. Sikufurahi kujua kuliko yeye. Niliogopa.

Jioni alipeleka sahani, akagonga. "Weka hapo chini," Mama alisema. Asubuhi sahani ilikuwa tupu na mlango umefungwa. Hatukwenda kanisani, na kwa hiyo Mama Brayo akaja tena. Safari hii Baba alimkuta kwenye ngazi za mbele, Imani begani.

"Mama Nekesa yuko wapi?"

"Amelala."

"Anaumwa?"

"Hapana. Amelala tu."

Mama Brayo alitaka kuzunguka nyuma ya nyumba. Baba hakusogea. Mabega ya Mama Brayo yakashuka, na kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kumsikia nayo akauliza, "Hicho kibanda, kina kitanda?"

Mama alitoka siku iliyofuata. Alinawa uso kwenye bomba la uani, akaja jikoni, akakaa mezani akasubiri kumiminiwa chai.

"Ulisikia nini kule?" Baba alimuuliza.

"Sikusikia kitu. Ndiyo raha yenyewe."

Baba alirudi kulala ndani usiku ule. Mashine ya nyasi ilibaki nje, imefunikwa turubai, na mpaka mwenye nyumba alipoiuza, godoro lilibaki kibandani kwa yeyote aliyelihitaji. Aliyefunga komeo hakuitwa. Hakuna aliyetangaza sheria hiyo.

Nilipofika chuo niliwasoma wale Wamarekani mwenyewe, nikawapenda. Bado nawapenda. Baba hakukosea: mtu asipokaa peke yake hata kidogo, hupotea. Ila kwa miaka mingi niliamini kwamba mtu tuliyekaribia kumpoteza mwaka ule alikuwa yeye, kwa sababu ndiye aliyesema.

Mwaka jana nilimtembelea Mama huko Campbelltown anakoishi sasa, nikiwa na mtoto wangu mchanga na usingizi wa wiki nzima machoni. Nilimuuliza kwa nini alichelewa ile Jumamosi aliyojifungia kibandani. Aliendelea kukunja nepi kabla ya kujibu. Alisema alikaa kwenye benchi la stesheni akaiacha treni ya nyumbani ipite, na nyingine, na nyingine. Alikuwa anasubiri ile inayokwenda upande wa pili, hadi mwisho wa reli. Kisha akakumbuka kwamba nyumbani kuna mlango mmoja wenye komeo kwa ndani.

"Ungeshuka wapi?" nilimuuliza, kwa Kiswahili.

"Popote ambapo hakuna anayeniita Mama Nekesa."

Alinitazama kuona kama ameniumiza. Hakuwa ameniumiza. Nilikuwa nimeshachoka kiasi cha kumwelewa.