Samaki Aliyejibanza Kwenye Kona

Nakumbuka Jumamosi moja ya ujana wangu, mwanangu, na ngoja nikusimulie kabla hujamwagia dawa huyo samaki wako.

Nilikuwa muuguzi mgeni hapa Mpanda. Nimeshuka na treni kutoka Tabora, nimepanga chumba kimoja mtaa wa Ilembo, simjui mtu. Kazini nilisemeshwa na wagonjwa. Nikishafunga mlango wangu jioni, basi, ni mimi na kuta. Mvuvi mmoja wa Karema, kule Ziwa Tanganyika, Mzee Kashindi, niliyemsafisha kidonda cha mguu hadi kikapona, akaniletea zawadi: samaki wawili wa ziwani, dume na jike, hawazidi urefu wa kidole, pamoja na makombe ya konokono ambamo huwa wanalala. Fundi wa madirisha akanitengenezea tangi la kioo. Nikawa na wa kuwasalimia nikirudi. Usinicheke, niliwasalimia kweli.

Siku zilivyokwenda makombe yakaota ukijani. Mimi nilitaka kioo kinachong'aa, nikayatupa jalalani. Siku hiyohiyo nikamwaga maji yote, nikajaza ya mvua niliyokuwa nimekinga. Kesho yake dume amejibanza kwenye kona, rangi imekuwa nyeusi, mapezi ameyabana, anahema haraka haraka. Chakula hakigusi. Na mimi si muuguzi? Nikapasua kapsuli ya antibiotiki nikamimina. Siku ya pili nikaongeza. Siku ya tatu jike, ambaye hata dalili hakuwa nazo, nikamkuta anaelea.

Jumamosi hiyo Mzee Kashindi alikuja mjini kupimwa macho, akapita kunijulia hali. Baada ya shikamoo nikaanza kulalamika kwamba samaki wake walikuja na ugonjwa. Alivuta kigoda, akakaa mbele ya tangi mpaka chai niliyompa ikapoa.

"Binti, makombe yako wapi?"

"Nimeyatupa, Mzee. Yalikuwa machafu."

"Na maji?"

"Nilibadilisha yote. Nikaweka ya mvua, masafi kabisa."

"Umembomolea nyumba, umemnyang'anya maji aliyoyazoea, halafu akiogopa unamnywesha dawa. Wagonjwa wako huwaulizi shida imeanza lini?"

Akageuka, akaniangalia mimi sasa.

"Na wewe umekonda. Muda wote huu sijasikia mtu akipiga hodi hapa. Wewe anakuuliza nani?"

Nililia, mwanangu. Mbele ya mzee wa watu, nililia kama mtoto.

Tulikwenda jalalani tukayaokota yale makombe. Akaniagiza niteke maji ya kisima, yenye chumvichumvi kama ya ziwani, niyaache yatulie siku nzima, kisha nibadilishe kidogo kidogo. Dawa nisiiguse tena. Siku ya tano dume alichungulia kutoka kwenye kombe lake, akala. Aliishi muda mrefu baada ya hapo, ila peke yake, na kila nilipomwona akizungukazunguka lile kombe la pili lililo tupu niliona aibu.

Jumapili, siku moja baada ya Mzee kunitembelea, nilijikaza nikaenda kwa jirani, Mama Nestori. Alishangaa kuniona mlangoni. "Nyie watu wa ofisini," akasema, "tulidhani unaringa." Akanisogezea mkeka na sahani.

Kwa hiyo mwanangu, samaki akijitenga, kaa kwanza umtazame. Jiulize nini kimebadilika: maji, maficho, au mwenzake anayemfukuza. Rekebisha hicho polepole. Dawa ni pale unapojua unatibu nini, maana mkono wenye haraka unaweza kumuua hata aliye mzima, kama wangu ulivyofanya. Na mtu akinyamaza karibu yako, usimwite mwenye kiburi. Muulize ameondokewa na nini. Ukinyamaza wewe, toka nje uwaambie watu kinachokusibu.

Mungu akupe macho ya subira, na popote kazi itakapokupeleka, akupe watu wa kula nao.