Pale pa Batata

Harufu ya gundi ya ngozi hunirudisha Chapwa, Tunduma, hadi leo. Nikiikuta kwa fundi viatu, nasimama kibandani pake bila hata kiatu cha kushona, naonekana mtu wa ajabu.

Nilikuwa nimetoka kwetu, kata ya Ruanda, nikaja Tunduma kukaa na shangazi yangu, fundi wa viti vya magari. Malori nilishayazoea, lakini lile gari la spoti kutoka upande wa Zambia lilinitoa macho: la zamani, milango miwili, limekaa chini karibu ligusane na ardhi. Ngozi nyekundu ya viti vyake ilikuwa imepasuka kama visigino vya kiangazi.

Mwenyewe, bwana mwembamba mwenye mvi, alimwonyesha shangazi kiti cha dereva. "Bamayo," alimwita kwa heshima, "tengenezeni kote. Pale pa batata tu ndio musiguse."

Mimi batata niliyoijua ni kiazi. Alipoondoka nikaingiza mkono chini ya kiti, nikapapasa kila kona, nikaambulia vumbi na kizibo cha soda.

"Unatafuta nini?"

"Viazi, shangazi."

Alicheka mpaka akaweka sindano chini. "Batata kwa Kibemba ni baba. Marehemu baba yake ndiye aliyekalia hapa miaka yote." Akanionyesha bonde katikati ya kiti, pana, limeinamia kushoto.

Basi udadisi wangu ukazidi. Shangazi alisugua ngozi kwa brashi laini na sabuni, akabandika kitambaa nyuma ya nyufa, akapaka rangi, kisha mafuta. Kiti cha abiria alikiwekea sponji mpya, kikatuna vizuri. Cha dereva kilimtesa. Alibandika kidogo, akapapasa bonde kwa kiganja, akaguna. "Sponji hii ikiinuka hairudi," aliniambia. "Nitakuwa nimemfukuza mzee wa watu." Mafundi jirani walimtania kwamba macho yamemwisha, kiti kimoja kimetuna, kingine kimebonyea. Niliumia kwa ajili yake.

Bwana yule aliporudi hakutazama rangi. Aliketi, akazama, akajisogeza kushoto. Bonde lilimzidi pande zote. Alifumba macho, tukamsubiri. Shangazi akageukia cherehani yake, ambayo haikuwa na kazi yoyote.

Nilijiuliza siku nyingi kwa nini mtu ang'ang'anie kiti kinachompwaya. Nimekuja kuelewa ukubwani, baba yangu mwenyewe akiwa hayupo tena. Bwana yule, na mvi zake zote, alikuwa amepakatwa.