Karatasi ya Nyuma ya Picha

Mama niliyemfanyia usafi katika mtaa wa Saint-Josse, huku Ulaya, mwanzoni mwa miaka ya 2010, alikuwa Mlithuania, mwanahistoria wa sanaa. Kazi yake ilikuwa kuandaa maonyesho ya picha za kuchorwa. Akiletewa picha, kwanza aliigeuza akasoma mgongo wake: mihuri, namba, majina. Uso wa picha unaweza kudanganya, aliniambia, mgongo hauna sababu. Nilimwona ana vituko, lakini nilimpenda, kwa kuwa hakunifuata nyuma kukagua vumbi.

Jumatatu moja nilikuta picha mpya sebuleni, imeegemezwa ukutani, mgongo mbele. Yeye alikuwa chuoni. Mgongoni palikuwa na karatasi chakavu, yenye madoa, imebanduka nusu. Niliisoma, maana mimi nasoma kila kitu: jina la mwanamke, na mji. Kisha nikamalizia kuibandua, nikafuta mbao kwa kitambaa chenye maji, nikajisifu. Karatasi nikaitia kwenye mfuko wa manjano, ule wa makaratasi uliokuwa tayari nje mlangoni, maana katika kuchambua taka mimi nilikuwa nimehitimu. Gari la taka lilipita kabla sijamaliza jikoni.

Aliporudi aliona mgongo mtupu, nikamweleza. Aliketi na koti lake mwilini. Alikuwa amemtafuta mwanamke huyo, mchoraji wa picha ile, miaka kumi na miwili. Familia ya mchoraji ilipelekwa Siberia kwa nguvu, picha zikatawanyika, na karatasi ile peke yake ndiyo iliyounganisha jina na picha.

"Jana nilitakiwa kuipiga picha ile karatasi," alisema. "Nilikuwa nimechoka."

Nyumbani mume wangu hakuelewa. "Bon, ni kartasi tu, maman. Unalia juu ya nini?"

Nililia kwa sababu nilitoka Bukavu bila karatasi, na kwa miaka mitatu ofisa mmoja baada ya mwingine aliniuliza nitathibitishaje kwamba mimi ni mimi. Halafu nikamfanyia mwanamke mwingine vile vile, kwa kitambaa cha maji.

Nilimwambia mwajiri wangu niko tayari kuandika na kutia sahihi kwamba nililisoma lile jina. Tuliandika wote wawili. Wakubwa wa makumbusho ambako picha ingeonyeshwa walijibu kwa adabu kwamba ushuhuda si hati. Sentensi hiyo nilikwisha kuisikia.

Siku ya ufunguzi wa maonyesho, kibao kando ya picha kilisema: Mchoraji hajulikani. Mwajiri wangu alisimama mbali, hakutaka kukitazama. Mimi nilivaa kitenge changu kizuri, nikasimama kando ya picha hadi saa ya kufunga. Kila aliyesogea kusoma kibao, nilimwambia jina.