Taa ya Majani na Taa ya Mkuu wa Maabara

Siku yangu ya kwanza kazini nilipokelewa kwa kufokewa. Nilikuwa msaidizi mpya katika maabara ya shule moja ya sekondari pale Masasi. Niliamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nikaitikiwa "Marahaba" na mtu aliyeinamia tangi la kioo lenye maji, majani na samaki wadogo. Wala hakugeuka. Huyo ndiye Mkuu wa Maabara. Nami, kwa kutaka kuonekana mchapakazi, nikawasha taa iliyoning'inia juu ya tangi.

"Nani kakwambia uwashe? Hawa wamelala!"

Nikadhani mzaha. Kumbe ni kweli, majani na samaki nao wanataka giza lao la kupumzika.

Tangi lile lilikuwa la kufundishia. Magugu ya majini tuliyatoa mto Lukuledi, pamoja na vifaranga vya perege, ili wanafunzi waone jani linavyotoa vipovu vya hewa likipata mwanga. Jani hujipikia chakula kwa mwanga. Mle ndani jua halikufika, kwa hiyo taa ndiyo ilikuwa jua lao, na kuichagua ndiyo ikawa kazi yangu.

Tulianza na globu za waya. Takataka zile! Zilipasha maji moto kuliko kuyaangaza, samaki wakawa wanahema. Tukahamia tyubu, yenye choki na stata, vile vidude vya kuiwashia. Tyubu haina joto kali, ila huchoka polepole: wewe unaona inawaka vizuri, jani limeshaanza kunyauka. Baadaye ndiyo zikaja hizi za LED. Na hapa vijana mnisikilize, maana madukani mnadanganywa mchana kweupe. Wati ni umeme ambao taa inakula, si mwanga inaoutoa. Mwanga hupimwa kwa lumeni. Rangi yake hupimwa kwa kelvini: namba ndogo ni umanjano wa kibatari, na elfu sita na mia tano ni weupe wa mchana, ambao majani hustawi nao. Ukizidisha mwanga unaalika mwani, ule utelezi wa kijani unaofunika majani mpaka yanaoza. Masasi mwani haukunitisha. Tulimwaga maji, tukatia mengine.

Kisha Mkuu akahamishiwa Newala, akaniombea uhamisho nimfuate. Mume wangu alinuna wee, mimi nikafunga mizigo.

Newala nako tuliweka tangi kama lile, na kati ya samaki wake Mkuu alimpenda perege mmoja mwenye pezi bovu. Lakini Newala ni juu, na maji yanapandishwa kwa pampu kutoka bondeni. Pampu ikikorofisha, shule inabaki na maji ya mvua ya kwenye kisima cha saruji. Kiangazi wasichana wa bweni walikuwa wanagawiwa ndoo moja ya kuogea na kufulia. Sasa wewe uende kuwaombea samaki maji, nani atakusikiliza? Kwa hiyo kule taa iliwekwa hafifu, tena kwa saa chache, ili mwani usianze kabisa. Mkuu mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo.

Ndiyo maana nilishangaa aliponiambia, "Mama Editha, taa hii imekufa. Badilisha."

Ilikuwa mpya. Nikabadilisha hivyo hivyo. Kesho yake akasema bado giza.

"Mwalimu, mbona mwanga upo wa kutosha?"

"Unanifundisha kazi siku hizi?"

Nikavimba moyoni. Mpaka asubuhi moja nikiwa dirishani, akaingia na kusema, "Habari za asubuhi, Mama Editha," akiliambia koti langu lililotundikwa mlangoni. Nilicheka, nikadhani ananitania. Uso wake ukanikatisha kicheko.

Akaniambia yote. Alikuwa na presha ya macho, ugonjwa unaokula uwezo wa kuona kidogo kidogo. Hospitali walishamwambia kilichokwenda hakirudi, na shuleni hakumwambia mtu, asije akaondolewa maabara. "Kidogo nilichobakiza," alisema, "nataka nikimalizie hapa." Mkono wake ulikuwa juu ya tangi.

Jamani, ningefanyaje? Nikanunua taa kali, mojawapo ya zile zinazofungwa nje ya maduka, nikaifunga. Mkuu akabandika uso kwenye kioo, akacheka kama mtoto. "Yule perege wa pezi bovu bado yupo!" Nilifurahi sana siku ile.

Furaha yenyewe haikudumu. Maji yalianza kuwa kijani, mwani ukatanda kwenye kila jani, na pampu nayo ikawa imeharibika. Samaki wakapanda juu kutafuta hewa. Mkuu hakuuona mwani, aliusikia kwa pua.

"Toa hiyo taa."

"Na wewe je, Mwalimu?"

"Mimi mwanga siuli, Mama Editha. Majani ndiyo yanaula."

Nikarudisha taa hafifu, lakini tulichelewa. Samaki wengi walikufa, na wa pezi bovu mmojawapo. Niliwafukia nyuma ya maabara huku nalia, na sikuwa nawalilia samaki.

Mvua ziliponyesha, kisima kikajaa, nikapata maji ya kubadilisha. Majani yakachipua upya, safi kabisa. Nikakimbia kumwita Mkuu. Akaja kwa haraka, akasimama, akanyoosha shati, akalitazama kabati la vioo la chupa za dawa.

"Yamependeza," akasema. "Kijani kibichi."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamshika bega, nikamgeuza taratibu, nikakunja mkono wa shati lake na kuutia mkono wake majini. Akapapasa majani machanga, moja moja.

"Taa imewaka?"

"Imewaka, Mwalimu."

Hakuutoa mkono mpaka kengele ya chakula ilipolia.

Sasa nimestaafu, na Mkuu ni marehemu. Vijana wanaotaka kufuga samaki nyumbani hunijia na simu zao, nami nawatajia lumeni na kelvini bila kinyongo. Ila hasira haijaniisha. Taa iliyoyatosha majani haikumtosha yeye, na iliyomtosha yeye iliyaua majani. Ya katikati niliitafuta madukani Newala, nikashuka kuitafuta Masasi, nikaagiza mpaka Mtwara. Haipo.