Mche Mmoja, Nchi Mbili

Nimechoka kusoma makala za sarafu ya pamoja zilizoandikwa na watu ambao hawajawahi kubadilisha hata noti moja mpakani. Michoro mingi, maneno mazito, binadamu hakuna. Leo tumwangalie mtu mmoja.

Wanamwita Mama Kiwango. Ana benchi, mwavuli uliochanika upande mmoja na mkoba wa kiunoni, hatua thelathini kutoka kwenye kizuizi cha mpaka. Miaka ishirini na mbili anabadilisha pesa za huku na za kule. Kiwango cha benki hakitaki, anasema kinachelewa kuamka. Anapanga chake kila asubuhi, kwa mche wa sabuni.

Ule mrefu wa kufulia, wa kiwanda kimoja, unaouzwa pande zote mbili. Bei ya huku anaiuliza mwenyewe. Bei ya kule analetewa na wifi yake, dada wa mumewe, aliyeolewa ng'ambo. Huku elfu tatu, kule mia na hamsini? Basi moja ya kule ni ishirini za huku. Kwisha kazi.

"Wifi, leo kule umepanda. Mia na sitini."

"Umeuliza duka gani?"

"La yule mwenye mdomo."

"Huyo akiona sura yako anapandisha. Rudi ukaulize kwingine."

"Nirudi? Mimi mtumishi wako? Nimezaliwa tumbo moja na mumeo!"

"Ndiyo maana ubishi ni uleule."

Na anarudi kuuliza. Kila siku.

Sasa, nchi zinaunganishaje pesa? Kwanza wakubwa wanasaini mkataba na kupiga picha wameshikana mikono. Halafu kila nchi inatakiwa ipunguze kukopa, izuie bei zisipae, iweke akiba ya kueleweka. Hawafikii. Wanaahirisha. Wanagombania benki kuu ya pamoja ikae kwa nani na noti ichorwe mnyama gani. Wanaahirisha tena. Wewe umeshasahau kabisa, ndipo redio inatangaza kwamba kiwango kimefungwa, hakipandi wala hakishuki, noti mpya zimefika, na za zamani zinakusanywa kwa miezi mitatu tu. Baada ya hapo ni makaratasi.

Hapo ndipo Mama Kiwango alipoketi chini. Nusu ya mtaji wake ni noti za kule. Mtu wa kawaida anaruhusiwa kubadilisha kiasi kidogo tu. Ukizidisha, uwe na leseni ya wakala wa kukusanya, na mwisho wa kutolewa leseni ni Ijumaa. Bila karatasi hiyo, nusu ya miaka ishirini na mbili inakwenda na maji.

Akajaza fomu. Kulikuwa na swali: eleza njia unayotumia kupata kiwango. Akaandika kwa herufi kubwa, ukweli mtupu: NATUMIA MCHE. NALINGANISHA WA HUKU NA WA KULE.

Jumatano jibu likaja. "Ombi lako la biashara ya miche limepelekwa Idara ya Misitu."

Msicheke. Sawa, chekeni, wifi alicheka mpaka akashika ukuta. "Wifi, umekuwa mkulima! Utatuuzia mikaratusi!" Mama Kiwango hakucheka. Alihesabu siku kwa vidole, vikatosha viwili.

Alhamisi asubuhi alikuwa mbele ya meza ya afisa, kijana mwenye tai, mbele yake mafaili kama matofali.

"Mama, mambo ya miti ni jengo la pili."

"Miti gani, mwanangu?"

"Si umeandika unatumia miche?"

Mama Kiwango akafungua mfuko, akatoa mche wa sabuni, akauweka juu ya mafaili. Ofisi nzima ikageuka.

"Kwenu mnafulia nini, mwanangu? Mnafulia mwembe?"

Mwanamke wa meza ya jirani alipasuka kicheko. Kijana akawa anaangalia sabuni, anaangalia fomu, masikio yamemwiva.

"Ungeandika sabuni, mama."

"Wewe ungeuliza."

Nampa kijana sifa yake, hakuleta kiburi. Alimwomba aeleze, akasikiliza, akafungua karatasi ya kiwango kilichofungwa. Cha wataalamu: ishirini nukta moja. Cha Mama Kiwango siku ile: ishirini.

"Wamekaa vikao miaka minane," kijana akasema polepole.

"Chai ilikuwepo?"

"Ilikuwepo."

"Basi ndiyo maana."

Akagonga muhuri. Mama Kiwango akaisoma leseni mstari kwa mstari, kidole kikifuata maneno. Chini kabisa paliandikwa kwamba ni ya siku tisini, na zikiisha, shughuli ya kubadilisha fedha hizi mbili itakuwa imekoma. Akauliza peni iko wapi, akatia sahihi.

Hilo ndilo ambalo michoro yenu haioneshi. Mtu anapigania karatasi inayomruhusu kuifunga kazi yake kwa mikono yake mwenyewe, na anashukuru. Mimi naitaka sarafu ya pamoja, ieleweke. Wasafirishaji watapumua, wanafunzi wanaovuka watapumua. Lakini msituambie hakuna aliyelipa.

Wifi alikuwa anamsubiri nje.

"Wamekupa?"

"Wamenipa. Mtaji umepona."

"Umefurahi?"

"Nimekwambia mtaji umepona."

"Nimesikia. Nimeuliza umefurahi?"

"Wifi, niache nifike kwanza."

Wakatembea mpaka kwenye kizuizi. Pale kwenye benchi palikuwa na foleni tayari, watu na vifurushi vyao vya noti zilizotolewa chini ya magodoro. Wifi akashika mwavuli. Mama Kiwango akaketi, akavuta zipu ya mkoba.

"Haya. Nani alitangulia?"